Keti Naye Kwanza

 

Naanza kwa kutubu. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya maombezi, nilimwambia kijana mmoja aache vidonge vyake vya ugonjwa wa akili. Nilisema amepona. Wiki chache baadaye ndugu zake walimkuta barabarani usiku, hana viatu, siku tatu hajalala. Mama yake hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mtumishi, utakuja kukaa naye?" Jamani, nilikosa jibu.

Soma 1 Wafalme 19. Elia, mtu aliyeomba moto ukashuka, amekaa chini ya mretemu anataka kufa. Malaika hakumkemea. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akarudi tena na chakula. Safari ilikuja baadaye.

Utasema, "Mimi siyo daktari, nitafanya nini?" Kule Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi karibu na zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo mazito. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida tu. Bibi wa mtaani, wapendwa! Na sisi tunao akina mama wangapi makanisani?

Naomba kila tawi litoe watu wa kujitolea, wawili wawili. Mtembeleeni mgonjwa kila wiki, siku ileile, asiwangoje bure. Bebeni unga au sukari. Msikilizeni bila kuhubiri. Kaeni naye saa mbili ili anayemuuguza apate kulala. Tarehe ya kliniki ikifika, msindikizeni, iwe ni Mirembe, Mathari, Butabika, Ndera au zahanati ya jirani. Ombeni naye akitaka, lakini vidonge ni vya daktari, msiviguse. Msimfunge kamba, msimwite kichaa, na siri yake isipande madhabahuni.

Akisema anataka kufa, msimwache peke yake hata dakika moja. Ondoeni sumu, kamba na visu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Na mkichoka, semeni. Ndiyo maana nasema wawili wawili.

Kijana yule amerudi kwenye dawa, na amenipa ruhusa niyaseme haya. Zipo siku nzuri, zipo na mbaya. Kila Alhamisi jioni naenda kwao. Mara nyingine hatuongei, tunakunywa chai tu. Mama yake anaingia ndani, analala.

Mpendwa, kabla hujafunga gazeti hili, mtaje moyoni mtu mmoja wa mtaani kwako. Wiki hii nenda ukaketi naye. Mungu awabariki sana.