Mashine Ipimwe Pale Inapofanya Kazi



Kule Ndolezi, wilayani Mbozi, lipo jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, ambalo ulimwengu unalijua kwa jina la Kimondo cha Mbozi. Kila mgeni anayelifikia huuliza uzito wake. Wengine hujibiwa tani 12, wengine tani 16. Tofauti hiyo haitokani na uongo. Jiwe lenye urefu wa mita tatu hivi halipandishwi kwenye mzani wa mahindi. Wataalamu hupima urefu, upana na kimo chake, hukumbuka kwamba karibu sehemu tisa katika kumi za jiwe hilo ni chuma, kisha hukadiria. Makadirio ya namna hiyo ni elimu halali, mradi anayeyatoa aseme ameyajenga juu ya msingi gani.

Mazungumzo haya yanahusu kukadiria jambo lililo gumu kuliko uzito wa kimondo, nalo ni usahihi wa mashine zinazojifunza, yaani hizi programu za akili mnemba ambazo siku hizi hufika shambani ndani ya simu ya mkononi.

Mashine ya namna hii haipewi sheria moja moja. Huonyeshwa maelfu ya picha, kila picha ikiwa na jibu lililoandikwa na mtaalamu: jani hili lina ugonjwa, jani hili ni zima. Ikishajifunza, hupewa mtihani wa picha nyingine ambazo majibu yake yanajulikana lakini haijawahi kuyaona. Alama inayopata katika mtihani huo ndiyo inayoandikwa kwenye cheti chake. Swali kubwa, ndugu wananchi, ni hili: je, alama iliyopatikana mahali pamoja ni halali mahali pengine?

Jibu lipo hapa hapa Tanzania. Mwaka 2017 watafiti walitangaza mashine iliyofundishwa kutambua magonjwa na wadudu waharibifu wa mihogo, kwa kutumia picha 2,756 kutoka mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Katika mtihani wa picha ilizofichwa ilipata asilimia 93. Mwaka 2019 watafiti wakatoa taarifa ya mashine ya aina hiyo ikiwa ndani ya simu, katika mazingira halisi ya shamba. Kipimo chake cha ubora kilishuka kwa asilimia 32, hata kwa mimea yenye dalili zilizo dhahiri. Sababu kubwa ilikuwa kwamba mashine ilianza kuipita mimea migonjwa bila kuitambua. Watafiti hao wanastahili sifa, kwa kuwa waliutangaza upungufu huo wao wenyewe. Wauzaji wengi wasingethubutu.

Kwa mkulima wa Songwe jambo hili si mchezo. Mwaka 2016 viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya bara la Amerika, waligunduliwa Afrika, na mwaka 2017 walikuwa wamekwisha kuingia nchini. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani, walitoa programu iitwayo Nuru, ambayo hutazama jani la mhindi kwa kamera ya simu, hata pasipo mtandao, na kusema kama limeshambuliwa. Nia ni njema. Lakini simu yoyote ikisema hakuna mdudu naye yumo, mkulima wa Mbozi atakosa mavuno. Ikisema yumo naye hayumo, mkulima huyo huyo atanunua dawa kwa fedha za ada ya mtoto, atanyunyizia bure, na atawaua wadudu wema walioilinda mimea yake.

Yupo atakayesema kwamba dawa ya tatizo hili ni kukagua kila picha. Hilo lingewezekana kama mabwana shamba wangekuwa wengi kama simu. Picha huja kwa maelfu. Wataalamu wa kuziandikia majibu ni wachache. Ndipo elimu ya takwimu inapouliza: yawezekana kukadiria alama ya mwanafunzi wakati karatasi ya majibu haipo? Zipo njia tatu zinazofaa kujulikana.

Njia ya kwanza hutazama imani ya mashine yenyewe. Kila inapojibu, mashine hutaja kiwango cha uhakika wake. Ubaya ni kwamba mashine ikiwa ugenini hujiamini kupita kiasi, kama kijana aliyesoma kitabu kimoja. Kwa hiyo uhakika huo haupokelewi ulivyo. Tuseme nyumbani ilipewa picha 1,000 zenye majibu, ikapatia 930. Mtaalamu hutafuta alama ya uhakika ambayo picha 930 kati ya hizo ziko juu yake. Kisha huichukua alama hiyo hadi Mbozi, kwenye picha 1,000 zisizo na majibu. Zikivuka 620 tu, makadirio yatakuwa asilimia 62, wala si 93. Hakuna jibu hata moja lililohitajika kutoka Mbozi, na tahadhari imekwisha kupatikana.

Njia ya pili hutumia mashine mbili zilizofundishwa mbali mbali. Zote zionyeshwe picha 100 zile zile, na swali liwe la ndiyo au hapana. Zikitofautiana mara 30, ni dhahiri kwamba kila mara moja kati yake imekosea. Basi makosa yote kwa jumla hayapungui 30, na mojawapo ina makosa yasiyopungua 15. Hata hivyo, kukubaliana hakuthibitishi ukweli. Wanafunzi wawili wa mwalimu mmoja huweza kukosea pamoja na kwa maneno yale yale.

Njia ya tatu ilianza zamani, kabla ya simu hizi. Mwaka 1980 wataalamu wa takwimu Hui na Walter walionyesha jinsi ya kupata makosa ya vipimo viwili vya ugonjwa bila kumjua kwa hakika mgonjwa wala mzima. Mfano wao ulikuwa vipimo vya kifua kikuu. Vipimo vyote viwili hutumika katika jamii mbili ambazo kiwango cha ugonjwa kinatofautiana. Tuseme jamii hizo ni mashamba ya nyanda za juu za Mbozi na mashamba ya Kamsamba, kule bondeni Momba, na vipimo ni simu na jicho la mkulima mwenyewe. Kila eneo hutoa taarifa tatu: mara ngapi wote wawili wamesema mdudu yumo, mara ngapi simu peke yake, na mara ngapi mkulima peke yake. Jumla ni taarifa sita. Mambo yasiyojulikana nayo ni sita: kiwango cha mashambulizi katika kila eneo, na aina mbili za makosa kwa kila kipimo. Hesabu hufunguka. Lakini mkulima sharti atoe jibu lake kabla ya kuona la simu, makosa ya mmoja yasifuate ya mwenzake, na kila kipimo kiwe na tabia ile ile katika maeneo yote mawili. Masharti hayo yakivunjwa, hesabu itatoa jibu safi lisilo la kweli.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Kila njia ya kukadiria bila majibu imesimama juu ya dhana, na dhana hiyo haiwezi kujithibitisha. Tuchukue funza wa mabua, ambaye naye hutoboa majani ya mahindi. Mashine ambayo haikufundishwa kumtenga yaweza kuyaona matundu yake, ikasema kwa uhakika mkubwa kwamba ni kiwavijeshi vamizi. Picha zote zitavuka alama. Mashine ya pili iliyofundishwa kwa picha zile zile itakubaliana nayo. Hesabu zitasema mambo ni mema, kumbe mdudu ni mwingine kabisa. Kosa la namna hii halionekani ndani ya picha. Linaonekana shambani tu.

Kwa hiyo hapana budi mtu afike shambani. Bwana shamba afungue majani machanga ya katikati ya mhindi, amtafute kiwavi, na aone kama kichwani ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyojipanga kwa mraba. Hana haja ya kukagua mimea yote 1,000 iliyopigwa picha. Achague 100 kwa kura ya haki, asichague ile iliyo karibu na barabara. Simu ikiwa imepatia 80, yaweza kusemwa kwa uhakika wa mara 95 katika 100 kwamba usahihi wake uko kati ya asilimia 72 na 88 hivi. Kazi hiyo inamalizwa kwa siku chache na haihitaji fedha za kigeni.

Makadirio ya kompyuta basi yawe king'ora na kazi ya mikono iwe ushahidi. Makadirio yatumike kila wiki kuonyesha ni wapi mashine imeanza kuyumba, ili wataalamu wachache waliopo wapelekwe huko kwanza. Majibu watakayoyakusanya yarudishwe kuifundisha mashine, nayo iijue Songwe. Mwaka 1972, TANU ilipotoa tamko la Siasa ni Kilimo mjini Iringa, ilihimiza ukulima wa kisasa unaofuata utaalamu. Utaalamu huo leo ni pamoja na kumwuliza kila aletaye mashine: cheti hiki kimetolewa wapi, kwa mazao ya nani, na msimu gani?

Mfanyabiashara akifika Tunduma na mzani wake, sheria haimruhusu kununua mahindi ya wananchi kwa sababu tu mzani huo ulisifiwa ng'ambo. Hukaguliwa kwa mawe ya uzito unaojulikana, kisha hupigwa chapa. Mashine inayomwamulia mkulima anyunyizie dawa au asinyunyizie haistahili ukaguzi mdogo kuliko huo. Wajibu huo ni wa vyama vya ushirika, halmashauri na watafiti kwa pamoja, na uanze kabla ya mvua za msimu ujao.