Kadi ya Kliniki Isifungiwe Sandukuni
Mada iliyotolewa kwa vikundi vya akina mama katika mkutano wa kata



Mwanamke huizoea zahanati wakati wa uzazi. Akiwa mjamzito hupimwa presha na wingi wa damu. Akisha kujifungua hurudi na mtoto kwa chanjo na mizani. Mtoto wa mwisho akitimiza miaka mitano, kadi hufungiwa sandukuni, na mama naye hukoma kupimwa. Kumbe ni kuanzia umri wa makamo ndipo presha, kisukari na saratani ya mlango wa kizazi huzidi kumnyemelea.

Umri huo huja pia na ukomo wa hedhi. Wengi hufikia hali hiyo kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa imetimia ipitapo miezi 12 mfululizo bila kuona siku. Joto la ghafla, jasho la usiku na usingizi wa mang'amung'amu visidhaniwe kuwa ni kurogwa. Homoni zimepungua, na kwa upungufu huo mifupa nayo hupoteza uimara. Lakini damu itokayo baada ya hedhi kukoma haina budi kuchunguzwa kituoni, hata ikitoka mara moja tu.

Akina mama wengi hukutana kila wiki katika VICOBA. Huko kuna daftari, kuna katibu, na kuna desturi ya kumuulizia aliyekosekana. Hayo yote yaweza kuitumikia afya. Kutoka mfuko wa jamii, kikundi chaweza kununua mashine ya kupimia presha, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akawafundisha kuitumia: mpimwaji apumzike dakika tano, aegemeze mgongo, akanyage chini, na mkono uwe usawa wa moyo. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti, aende zahanati. Asiazime dawa za jirani, wala asiache zake kwa kuwa kichwa hakimuumi. Presha haipigi hodi. Na kipimo cha mtu kibaki siri yake.

Uchunguzi wa mlango wa kizazi nao hupungua woga wanawake wakienda pamoja. Shirika la Afya Duniani hutilia mkazo umri wa miaka 30 hadi 49. Wanaoishi na VVU huanza mapema zaidi, wakiwa na miaka 25. Kipimo cha siki huchukua dakika chache na majibu hupatikana papo hapo.

Nyumbani, chumvi ya mtu mmoja kwa siku isifike kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na iliyomo katika viungo vya dukani. Waume nao wana wajibu: nauli ya mama kwenda hospitali ni matumizi ya nyumba, sawasawa na unga.

Basi katika kikao kijacho, kabla ya hisa kununuliwa, presha zipimwe. Kikundi kinachomfuata mwanachama aliyechelewesha rejesho kimfuate pia aliyeacha dawa.