Gia za Difu na Haki ya Kuzifunga

Mwenye gari la kazi akisikia mvumo kutoka upande wa nyuma, ukipanda kila akanyagapo mafuta na kugeuka kila aachapo, aghalabu huwa gia za difu zimelika au beringi zake zimelegea. Na hapo humjia swali tulilonalo leo, nalo ni kama azibadilishe kwa mkono wake mwenyewe au amkabidhi fundi.

Swali hili si la ubahili. Katika nchi zetu, ambamo safari ni ndefu na gereji ni mbali, wenye Land Rover, Land Cruiser na Hilux wamezoea kujitengenezea magari yao, na ada hiyo yastahili sifa. Mtu aliyekwisha kubadilisha klachi na breki ana haki ya kuuliza kwa nini difu imshinde. Nami naitakidi kwamba jambo hili haliamuliwi na nguvu wala ushujaa, bali na kipimo.

Ndani ya difu mna pinioni, gia ndogo ipokeayo mzunguko wa propela, na kraunwili, gia kubwa iupelekayo kwenye magurudumu. Gia hizi husuguliwa pamoja kiwandani mpaka meno yakaafikiana, ndiyo sababu huuzwa kwa jozi, na anunuaye moja ili kuokoa fedha huzipoteza zote. Jozi hiyo nayo sharti ikae kwa hesabu: pinioni iwe katika kina chake, ambacho hurekebishwa kwa shimu, yaani vibati vyembamba vya kujazia nafasi, beringi zikazwe kwa kadiri yake, na baina ya jino na jino pabaki mchezo, ambao katika difu nyingi za Toyota ni kama milimita 0.13 hadi 0.18. Ukizidi, meno hugongana. Ukipungua, hupata moto na kuharibika. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho, hata la fundi mahiri.

Basi atakaye kuifanya kazi hii na ajihoji. Je, anacho kipimo cha mshale cha kuusoma mchezo huo, na spana ya kupimia mkazo mdogo wa beringi? Je, akiisha kupaka meno rangi na kuyazungusha, aweza kuifasiri alama, akajua kwamba mguso ulioegemea ncha ya jino waonyesha pinioni iko mbali mno na kraunwili, na ulioegemea shina waonyesha imekaribia mno? Na anayo subira ya kufungua na kufunga tena na tena, madhali shimu ya kwanza ni nadra kuwa ndiyo? Akiyajibu yote kwa ndiyo, na aanze kazi bila hofu.

Akikosa hata moja, iko njia ya katikati ambayo naipendekeza kwa moyo wote. Katika Hilux na Land Cruiser nyingi, gia zote hukaa katika kichwa kimoja kitokacho kizima: mwenye gari amwage oili, avute ekseli, afungue propela na nati, akitoe, akipeleke kwa fundi mwenye vipimo, kisha akirudishe mwenyewe. Atakuwa ameokoa sehemu kubwa ya ujira, bila kuibahatisha ile sehemu isiyotaka bahati. Katika Land Rover ndefu za zamani zenye ekseli ya Salisbury njia hii haipo, kwani gia hupangwa ndani ya ekseli yenyewe.

Anunuaye kichwa kilichotumika, kama wengi wafanyavyo Gerezani, Dar es Salaam, na ahesabu meno kwanza. Meno 41 ya kraunwili kwa 10 ya pinioni hutoa uwiano wa 4.1, na gari la kuvuta kwa magurudumu manne lenye uwiano mbalimbali mbele na nyuma huiumiza mitambo yake.

Magari haya hubeba wagonjwa, wanafunzi na mazao, na difu ikishika ghafula katika mwendo wa kasi, asiyejua lolote ndiye adhurikaye. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujanunua gia, tafuta kipimo; ukikikosa, mtafute fundi aliye nacho, mwombe akuonyeshe mshale umesimama wapi, kisha umlipe ujira wake kwa ridhaa.