MWAJIRIWA AU KONTRAKTA?
(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama)



Siku hizi shauri moja linaletwa ofisini kwetu mara nyingi kuliko mengine. Tajiri huwaita watu wake, huwapa karatasi, huwaambia: "Tangu leo ninyi si waajiriwa tena, ni makontrakta." Kesho yake kazi ni ile ile, lori ni lile lile, msimamizi ni yule yule, na saa ya kufika langoni haikubadilika. Kilichobadilika ni jina tu. Lakini jina hilo lina bei yake, na anayeilipa ni wewe.

Isikieni bei yenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa likizo ya siku 21 za kazi kila miezi 12, bila kukatwa mshahara. Mama akijifungua hupata miezi 3 kwa mshahara kamili. Mtu aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo akiugua, na daktari akamwandikia, ana siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu. Katika NSSF mwajiri hutoa asilimia 6 juu ya asilimia 6 zako. Kontrakta hana hata moja katika haya. Na lililo zito zaidi ni ajali. Kwa Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, mwajiriwa aliyelemaa kabisa huhesabiwa fidia kwa mapato ya miezi 96. Kontrakta akikatwa mkono na mashine ataambiwa atafute wakili, athibitishe uzembe wa mwenye mashine. Kwa mkono gani ataandika barua hiyo, sijui.

Tena kuna jambo ambalo tajiri halisemi kwa sauti. Sheria ya Mahusiano ya Kazi inamtaka mwajiri akitambue chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya waajiriwa wake wanaostahili kuwa wanachama. Tuseme kiwanda kina watu 100 wa namna hiyo, na 55 wamo chamani. Chama kinatambuliwa. Sasa wanachama 30 wapewe karatasi za ukontrakta: wamebaki waajiriwa 70, na wanachama 25. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyegoma, na chama kimekwisha mle ndani.

Je, karatasi hiyo ndiyo neno la mwisho? Hapana. Sheria ya Ajira yenyewe yasema kwamba masharti yake ni ya chini kabisa, na mapatano yoyote ya kuyaacha ni batili. Na mahakama huangalia kazi inavyofanyika, si kichwa cha karatasi. Huko Uingereza, ambako mahakimu wetu huangalia mashauri ingawa hawafungwi nayo, watu 20 waliokuwa wakisafisha motokaa walitiishwa sahihi kwamba ni makontrakta, na kwamba wanaweza kutuma mtu mwingine badala yao. Kwa kweli hakuna aliyetazamia watume mtu. Mwaka 2011 Mahakama Kuu Kabisa ya huko ikasema maneno yale hayakuwa mapatano ya kweli, na watu wale ni waajiriwa. Tarehe 19 Februari 2021 mahakama hiyo hiyo ikawaamulia madereva wa Uber kuwa ni wafanya kazi, kwa sababu kampuni ndiyo ipangayo nauli, hupima kazi yao kwa alama za abiria, na humfungia dereva anayekataa safari nyingi. Lakini huko wana daraja la kati, baina ya mwajiriwa na mtu wa kujitegemea. Sheria yetu ya 2007 haina daraja hilo, kwa hiyo msidhani hukumu ile itahamia Nairobi jinsi ilivyo.

Na msidhani kila mtu hushinda. Liko shauri la huko huko, la mwaka 1968, ambalo mawakili wetu hulitaja mpaka leo. Dereva wa lori la zege alivaa sare ya kampuni na lori lake lilipakwa rangi za kampuni. Hata hivyo alionekana kuwa kontrakta, kwa kuwa lori alilinunua mwenyewe, mafuta na matengenezo yalikuwa juu yake, na aliweza kuajiri dereva mwingine. Hapo ndipo penye kiini. Nani anaamrisha jinsi ya kufanya kazi? Vyombo ni vya nani? Waweza kumtuma nduguyo leo, wewe ukapumzike? Hasara ikitokea ni ya nani? Fundi anayekuja kuezeka paa kwa vyombo vyake, akapatana bei, akamaliza akaenda kwa mteja mwingine, huyo ni kontrakta kweli, na chama hakiwezi kumgeuza.

Vibarua nao wasikie. Kibarua ni mtu anayelipwa kila jioni, asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Ukifanya siku za mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja, kifungu cha 37 chakuhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na kukuachisha hapana budi upewe notisi.

Tajiri naye ana hatari yake, na si vibaya mkimkumbusha kwa adabu. Akishindwa mahakamani atadaiwa likizo za nyuma na michango ya NSSF pamoja na adhabu. Serikali itamdai kodi ya mshahara ambayo hakuikata, maana ile asilimia 5 anayowakata kama washauri si kodi hiyo. Akiwa amemwachisha mtu isivyo haki, mahakama yaweza kumtoza hata mishahara ya miezi 12. Na asipoweza kutoa hati ya masharti ya kazi, ni juu yake kuthibitisha, si juu yako.

Basi ukipewa karatasi, usiitie kidole pale pale. Sheria yataka mkataba wa kazi uelezwe kwa lugha unayoifahamu, na kidole kitiwe mbele ya mtu asiye mwajiri wako. Ilete ofisini tuisome. Kama umekwisha kutia sahihi, usikate tamaa, bali weka ushahidi: kadi ya lango, zamu zilizobandikwa ukutani, picha ya sare, ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo, na amri za msimamizi zilizoko katika simu. Msifute simu hizo. Twende kwanza kwa afisa wa leba, na ikibidi Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Muda ni miaka 3 tangu siku ya kosa, ukipita shauri halisikizwi. Wale wa idara ya usafirishaji waliopewa karatasi mwezi uliopita wabaki hapa baada ya mkutano, karani ataandika majina yao na tarehe walizoanza kazi.