Mtwara Si ya Kulala Usiku Mmoja



Kila ifikapo Oktoba, gesti za Mtwara hujaa. Wanunuzi wa korosho wanafuata minada, madereva wa malori wanasubiri zamu bandarini, maofisa wanakuja kwenye vikao. Wanalala usiku mmoja au miwili, wanakula pweza pale Feri, kisha wanawahi basi la alfajiri kurudi Dar es Salaam. Waulize wameona nini huko Kusini. Watakutajia ghala na ukumbi wa mikutano.

Maoni yangu leo ni haya: Mtwara ina vivutio vya kutosha. Inachokosa ni mgeni wa kukaa siku nne.

Siku ya kwanza ni ya mji. Anayefika Mtwara mara ya kwanza hushangaa barabara zilivyo pana na mitaa ilivyoachana. Mji huu ulipimwa kwa ajili ya watu wengi ambao hawakuja. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga. Kwa ajili yake ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli ikaelekezwa Nachingwea. Karanga zikagoma, mradi ukavunjwa mwaka 1951, na miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Bandari ikabaki, pamoja na ramani ya jiji kubwa.

Kilomita kama kumi kutoka hapo iko Mikindani, mji uliotangulia Mtwara kwa karne nyingi. Kuna vichochoro, nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo limekarabatiwa likawa hoteli. Misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliishia kwenye ghuba yake. Mwaka 1866 David Livingstone aliondokea hapa kwa safari yake ya mwisho ya bara. Yeye ana kibao ukutani. Wapagazi waliobeba mizigo yake hawana. Kwa hiyo zunguka Mikindani kwa miguu, na mwenyeji wa palepale, umlipe kwa maneno yake.

Siku ya pili nenda Msimbati. Hapo umeingia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye kilomita za mraba 650 za bahari, mikoko, visiwa na vijiji. Utajiri wake una sababu. Mkondo mkubwa wa bahari unaotoka upande wa Madagascar unagonga pwani yetu karibu na hapa, kisha unagawanyika: tawi moja linapanda kaskazini kuelekea Mafia na Zanzibar, jingine linateremka Msumbiji. Mabuu ya matumbawe na ya samaki husafiri na maji hayo. Ndiyo maana miamba ya Mtwara ikivunjwa kwa baruti, hasara haiishii Mtwara.

Kati ya Julai na Novemba nyangumi wenye nundu hupita hapa, wakitoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Kasa nao hutaga kwenye fukwe hizi. Lakini kabla hujapanga chochote, uliza habari za bamvua. Maji yakitoka sana, mwamba unabaki wazi na akina mama wanashuka kutafuta pweza na kombe. Ukikuta maji mafu, hayo hutayaona vizuri. Ratiba ya Msimbati inaandikwa na mwezi, na mgeni wa siku moja hawezi kuingojea.

Siku ya tatu ni ya mto Ruvuma. Hapa niseme ukweli: usiende mtoni Kilambo ukitarajia simba wamelala juu ya mawe. Utakachotafuta ni viboko na mamba, na ndege wa pwani kwenye matope ya mikoko mto unapokutana na bahari. Anayetaka tembo aende hadi Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, mbali magharibi huko Nanyumbu, na hiyo ni safari nyingine kabisa. Tukimdanganya mgeni kwamba Mtwara ni Serengeti yenye chumvi, atarudi kwao na malalamiko, na atakuwa na haki.

Mto wenyewe una kisa. Mwaka 1894 Wajerumani walichukua kipande cha Kionga upande wa kusini wa mlango wake. Mwaka 1916 Wareno wakakitwaa tena. Mpaka ukahama mara mbili, ndugu wakabaki kuwa ndugu. Hadi leo kuna familia zenye shangazi ng'ambo moja na mjomba ng'ambo nyingine. Lakini tangu Oktoba 2017 upande wa Cabo Delgado, Msumbiji, una vita, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, huku kwetu, kilishambuliwa. Kwa hiyo kabla ya kwenda mtoni, pita serikali ya kijiji, uliza hali ilivyo, na ukiambiwa leo hapana, iwe hapana.

Siku ya nne panda Newala, kwenye uwanda wa Wamakonde, usimame ukingoni pale Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma likiwa chini yako. Njiani ni mikorosho mtindo mmoja. Kama ni msimu, utakuta mabibo chini ya miti na ming'oko imechemshwa inauzwa barabarani. Ngoma zipo pia, lakini sindimba na midimu zina wenyewe na zina wakati wake. Subiri ualikwe, usiagize ngoma kama unavyoagiza soda.

Na vinyago? Jina la Mmakonde limezunguka dunia kwa sababu ya vinyago, lakini anayevitaka huenda Mwenge, Dar es Salaam. Mafundi waliwafuata wanunuzi, kwa kuwa wanunuzi hawakuja huku.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Karibu kila kitu cha thamani Kusini kimeondoka kwenda kuuzwa kwingine. Korosho nyingi huondoka ghafi, zikabanguliwe ng'ambo. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Mwaka 2013 wananchi walipinga gesi hiyo kusafirishwa kwa bomba, vurugu zikazuka, mali ikaungua, watu wakafa. Mwaka 2015 bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika. Sifufui ugomvi huo. Nasema tu kwamba mlango wa mto hauingii kwenye bomba, wala bamvua haipakiwi melini. Anayeitaka lazima aje mwenyewe, alale, ale, apande mtumbwi wa mtu.

Wapo watakaosema barabara ni ndefu. Ni kweli, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata pale Somanga, Kusini ikabaki peke yake. Lakini urefu huohuo ndio sababu ya kukaa. Nani asafiri kutwa nzima kwenda kulala usiku mmoja?

Kwa hiyo, wewe unayekwenda mnadani Oktoba hii, ongeza siku na uende na familia. Halmashauri nazo ziwape mafunzo vijana wa Mikindani na Msimbati wa kuongoza wageni, na zihakikishe kila boti ina maboya ya kujiokolea. Na hifadhi ya bahari isome mapato ya kiingilio hadharani, kwenye mkutano wa kijiji, kwa shilingi, kila baada ya miezi mitatu. Mvuvi akijua nyangumi waliopita Agosti wameingiza kiasi gani kwenye zahanati ya kijiji chake, kazi ya kumkamata mpiga baruti ataifanya yeye mwenyewe, bila semina.