Kisiagi Kinapotumia Gesi: Moshi Usiouona na Mtoto Aliye Mgongoni

Leo tutakwenda pamoja kisiagini, kwenye mashine ya kusaga unga.

Tuseme ni Jumamosi asubuhi. Umebeba gorogoro tano za mahindi, na mtoto umemfunga mgongoni kwa leso. Unafika kisiagini unakuta foleni. Jua ni kali, kwa hiyo unaingia ndani na kusimama karibu na injini. Miaka yote injini hiyo ilikuwa ya dizeli. Ilitoa moshi mweusi, na ulirudi nyumbani ukikohoa na leso ikinuka. Leo moshi ule mweusi ni kidogo. Mwenye kisiagi anakuambia kwa furaha, "Mama, siku hizi tunatumia gesi. Moshi umekwisha." Kando ya injini unaona mtungi wa gesi ya kupikia, na mpira unaotoka mtungini hadi kwenye injini.

Je, hatari imekwisha kweli? Hilo ndilo swali letu la leo. Jibu ni hili: moshi unaouona umepungua, lakini moshi usiouona bado upo, na wakati mwingine umezidi.

Kwanza tuielewe injini yenyewe. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inabana hewa kwa nguvu mpaka hewa hiyo inakuwa moto sana, kisha dizeli inanyunyiziwa ndani na kuwaka yenyewe. Gesi ya kupikia haiwaki kwa urahisi namna hiyo. Kwa sababu hiyo fundi ana njia mbili. Njia ya kwanza ni kuibadilisha injini kabisa, apunguze nguvu ya kubana hewa na kuitia plagi. Hiyo ni kazi kubwa, na gharama yake si ndogo. Njia ya pili ni kuiacha dizeli kidogo iendelee kuingia ili iwashe gesi, na gesi ichanganywe na hewa ambayo injini inavuta. Kwa hiyo ukiambiwa kisiagi kinatumia gesi, huenda kinachoma dizeli na gesi pamoja.

Tuseme ukweli, gesi ina faida yake. Masizi yanapungua. Masizi ya dizeli ni vumbi laini sana ambalo huingia ndani kabisa ya mapafu. Humsumbua mtoto mwenye pumu na kumwongezea mtu kikohozi. Mwaka wa 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Kwa hiyo masizi yakipungua, hilo ni jambo jema.

Sasa sikiliza upande wa pili. Injini ya dizeli iliyotiwa gesi haichomi gesi yote vizuri inapofanya kazi nyepesi. Kazi nyepesi ni ipi? Ni pale mashine inapozunguka tupu, mteja mmoja amemaliza na mwingine bado anapepeta mahindi yake. Wakati huo injini hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi kwa wingi zaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu, na haiwashi macho. Ni ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa.

Inaua namna gani? Damu yetu hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza. Ikishaingia, oksijeni inakosa nafasi, na ubongo na moyo huanza kukosa pumzi hata kama mtu anaendelea kupumua.

Mama, mfikirie mtoto aliye mgongoni. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60. Mmesimama mahali pamoja, lakini kwa ukubwa wa mwili wake yeye anavuta sumu zaidi yako. Na kama wewe ni mjamzito, sumu hii hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kulegea. Mtoto mdogo hawezi kusema kichwa kinamuuma. Utamwona amelegea, analala kupita kawaida, au anakataa kunyonya. Ni rahisi kudhani ni malaria. Basi jiulize: Je, wengine waliokuwa kwenye foleni wanaumwa pia? Je, mlipotoka nje mlipata nafuu? Ukijibu ndiyo, shuku moshi wa injini.

Ufanye nini? Mtoe mtoto nje mara moja, mpeleke kwenye hewa safi mbali na injini. Waite wengine watoke, na injini izimwe. Kisha nenda kituo cha afya hata kama anaonekana amepata nafuu, na umwambie mhudumu, "Tulikuwa kwenye moshi wa injini." Maneno hayo yatamsaidia kujua la kufanya. Dawa ya sumu hii ni oksijeni. Usipoteze wakati kumnywesha maziwa, kwa kuwa maziwa hayawezi kuiondoa sumu hii katika damu.

Hatari ya pili ni gesi inayovuja. Gesi asilia, kama ile ya Songo Songo nchini Tanzania ambayo huendesha baadhi ya magari jijini Dar es Salaam, ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo hupanda juu. Gesi ya mitungi yetu ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujaa kwenye shimo la mkanda wa mashine, pale pale watoto wanapopenda kuchuchumaa. Cheche moja inatosha kuilipua. Hatujasahau usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko wa gesi ulipotokea Embakasi, Nairobi, ukaua watu na kujeruhi zaidi ya 200.

Ukinusa harufu ya gesi kisiagini, ile inayofanana na yai lililooza, usiwashe kiberiti wala swichi, na mtu yeyote asiwashe injini. Toka na watoto, kisha umwite mwenye kisiagi akiwa nje.

Huenda unajiuliza, "Nitafanyaje, na kisiagi ni hicho kimoja tu?" Hatusemi kifungwe. Tunahitaji unga, na mwenye kisiagi anahitaji riziki yake. Lakini kuna mambo manne ambayo wewe na kikundi chako mnaweza kumwomba, kwa heshima.

Kwanza, bomba la moshi litoke nje na kupita juu ya paa, lisiishie dirishani wala mahali pa foleni.

Pili, chumba cha injini kitengwe na mahali pa wateja, na kiwe na matundu ya hewa juu na chini.

Tatu, mtungi ukae nje ukiwa umesimama wima kivulini, na viungo vya mpira vipimwe kwa povu la sabuni. Povu likitokota, gesi inavuja. Kamwe visipimwe kwa moto.

Nne, kazi ya kuibadilisha injini ifanywe na fundi aliyesomea kazi hiyo. Mpira wa jiko uliochomekwa tu kwenye injini ni hatari.

Nawe una sehemu yako. Subiri nje, upande ambao upepo unatokea. Ukiweza, mwache mtoto mchanga nyumbani na mtu unayemwamini. Ukimtuma mtoto wa shule kusaga, mwambie aweke debe kwenye foleni kisha akakae chini ya mti. Na kama nyumbani mna jenereta, iwe ya petroli, dizeli au gesi, isiwashwe kamwe ndani ya nyumba wala karibu na dirisha la chumba cha kulala.

Ya kuzungumzia kikundini: Bomba la moshi la kisiagi chetu linatokea wapi? Watoto wetu husubiri wapi? Nani atakwenda kuzungumza na mwenye kisiagi, na lini?

Mama mpendwa, kumbuka neno moja la leo: usipouona moshi, usidhani haupo. Mlinde mtoto, nawe ujilinde.