*TUSIKAE TENA KUSUBIRI NDEGE*

_Maneno ya Kamati ya Tawi kwa wanachama wafanyabiashara_



Sisi wa Arusha hatujasahau UVIKO-19. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka hadi kama 620,000. Wauza vinyago, madereva na mama lishe wetu walifunga kazi. Wengi tulikaa kusubiri ndege zirudi, tukala mtaji hadi ukaisha.

Watalii wamerudi, nasi tumerudia yale yale: mteja mmoja, msimu mmoja, akiba hakuna. Tubadilike, viongozi wa tawi tukiwa wa kwanza.

1. *Tusitegemee mteja mmoja.* Anayeshona nguo za kuuzia wageni ashone na sare za shule.

2. *Fedha ya biashara isichanganywe na ya nyumbani.* Laini yake ya simu, daftari lake. Kila msimu mzuri tuweke kando kidogo. Akiba haiozi.

3. *Tuingie kwenye vikundi.* Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hiyo ni haki ya kila mwananchi anayetimiza masharti, si zawadi ya chama. Ukidaiwa kadi ya chama ili upewe fomu, tuambie. Na tukikopa, turejeshe. Kuna mwenzetu anasubiri.

Kikao Jumapili saa 10 jioni. Kila mwenye biashara aje na daftari.

*Kamati ya Tawi*